Mwavita na Injini ya Rusagara

Injini kuukuu ya boti aliyouziwa Mwavita na tajiri Rusagara ilimzimikia katikati ya ziwa, akarudi Kigoma kwa kupiga kasia. Akaenda dukani kuirudisha.

"Injini ni nzima kabisa!" Rusagara alimkatalia mbele ya wateja. "Wewe ndiye hujui kuchanganya oili na petroli."

"Basi niwie radhi, bwana. Acha niwahi safari, nampeleka mama mkwe wako kijijini Kalya. Nilipomwambia injini imetoka kwako, akakubali bila wasiwasi."

Rusagara aliruka kaunta. "Asipande! Ile mbovu itawazimikia tena!"

Akabeba injini mpya begani mwenyewe, akaifunga kwenye boti huku akihema.

"Haya, mama yuko wapi?"

"Yuko kwake, anakaanga migebuka," Mwavita alijibu, akavuta kamba ya kuwashia injini, akaondoka.