Kaimu Kocha wa Ngurumo

Mashabiki wa Ngurumo walikuwa wakibishana nani awe kocha mpya, ndipo Mwinshehe, tajiri mwenye uwanja, akawakatiza.

"Kocha ni shemeji yangu Dossa. Mkimkataa, nafunga uwanja."

Watu wakanywea. Dossa hakujua hata kona inapigiwa wapi. Sikudhani, muuza maandazi, ndiye aliyejibu.

"Sawa, tajiri. Ila Jumamosi tunacheza na Kimbunga, usimharibie jina mapema. Muache beberu wako akaimu. Tangu aanze kula majani nyuma ya goli, hatujafungwa hapa."

Sifa zikamlevya Mwinshehe. Beberu akavishwa filimbi shingoni, akafungwa kwenye benchi. Kimbunga wakashinda manne bila.

Jumapili Mwinshehe na Dossa wakawakuta mashabiki uwanjani wanakula pilau.

"Kaimu kocha yuko wapi?"

"Tumemfukuza kazi," Sikudhani akasema, huku akimpakulia Dossa. "Unatujua, tajiri. Hapa kocha akipoteza mechi hamalizi wiki."

Kisha akamtazama Dossa kuanzia shingoni mpaka mapajani. "Karibu, kocha. Jumamosi tunarudiana na Kimbunga."

Dossa akaweka sahani chini taratibu, akasema ukocha anaupenda sana, ila mgongo unamsumbua.