Sanda ya Amiri Sufuwani

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mjane mcha Mungu akiitwa Bi Mahfudha. Riziki yake ilikuwa ndogo na moyo wake mkunjufu. Alipanda mipamba nyuma ya nyumba yake, akaichuma pamba, akaisokota na kuifuma mwenyewe, mpaka akapata kitambaa cheupe cha sanda yake. Akakiweka sandukuni, akatulia kama msafiri aliyekwisha kufunga mizigo.

Mji wake ulitawaliwa na Amiri Sufuwani, mtu asiyeshiba. Mashamba ya mayatima aliyafanya yake. Misafara haikupita bila kumwachia nusu ya bidhaa. Hata kisima cha wakfu, ambacho maskini walikunywa maji yake tangu enzi za babu zao, alikizungushia ukuta apate maji ya kunyweshea mawaridi. Aliyenung'unika alitiwa gerezani, na gereza, mashaallah, lilikuwa pana.

Kisha Amiri akaugua. Hofu ya kaburi ikamwingia, akaamuru atafutiwe sanda ya halali. Watumishi wakafungua makasha ya kasri. Vitambaa vilijaa tele, lakini hawakuona hata kimoja kisicho na mwenyewe anayelia. Ndipo mmoja wao akamtaja Bi Mahfudha.

Waziri akaenda kwake na mfuko wa dhahabu.

"Bi Mahfudha, Amiri anataka kuinunua sanda yako. Taja bei."

"Atainunua kwa mali ya nani, mwanangu?"

Waziri akautazama ule mfuko. Hasira zikampanda. "Basi nitaichukua kwa nguvu, na nyumba nitaitwaa!"

Bi Mahfudha aliingiwa na hofu, maana aliwajua majirani waliochukuliwa wasirudi. Hata hivyo akasema kwa upole, "Nguvu unazo. Ila ukiipora, itakuwa sawa na mali za kuporwa zilizojaa kasri, na bwana wako utakuwa hukumsaidia."

Waziri akaondoka mikono mitupu. Bi Mahfudha akatawadha, akaswali, akakaa kuwangoja askari. Askari hawakuja. Aliyekuja ni Amiri mwenyewe, amebebwa juu ya kiti, uso umemsawijika.

"Mama," akasema, naye hakuwa amemwita mtu hivyo tangu ashike utawala, "siwezi kuinunua, wala sitaipora. Naomba unipe."

"Zawadi hutolewa kwa moyo ulioridhika, ewe Amiri. Nami kila alfajiri naupita ukuta wako nikienda kutafuta maji ya udhu bondeni. Nikisema nimeridhika, nitakuwa nimekudanganya, na wewe ni mgonjwa."

Amiri akainamisha kichwa. Siku ile ile ukuta ukabomolewa. Bi Mahfudha akanywa maji ya kisima, akamhimidi Mola wake, akaichukua sanda akaipeleka kasri kwa furaha. Lakini Amiri akamzuia.

"Ngoja kwanza, mama. Nikiipokea nami nimekalia mali za watu, itanifaa nini?"

Akaanza kurudisha. Mayatima wakapata mashamba yao, wafanyabiashara bidhaa zao, wafungwa wakarudi kwa watoto wao. Kwa waliokufa waliitwa warithi. Akawaomba radhi mmoja mmoja; wako waliomsamehe na wako waliokataa, naye hakumlazimisha mtu. Mwisho akabaki juu ya mkeka wa kuazima, katika chumba kitupu. Hapo Bi Mahfudha akamkabidhi sanda.

Amiri akaikumbatia, akalia machozi ya furaha. "Nimetawala nchi nzima," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza kuwa na kitu changu."

Akafa akiwa ametulia, akazikwa nayo. Bi Mahfudha akarudi kwake, akapitia kisimani, akajaza mtungi wake. Kisha akaenda kuangalia mipamba, kwa kuwa sasa yeye ndiye asiyekuwa na sanda, na jambo hilo halikumsikitisha hata kidogo.

Ndugu yangu, anayepora mali za watu huwa mlinzi wake tu, na kazi ya ulinzi ni ya kuchosha. Tujiulize tungali wazima: katika hivi tulivyo navyo, ni kipi tunachoweza kuzikwa nacho? Mola atujaalie tusikutane naye tukiwa na haki ya mwenzetu mkononi.