Fisi na Wimbo wa Mchimbaji

Sogeeni karibu, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Mwaka ule mvua iligoma. Nyasi zilikauka zikawa za kuwashia moto tu, mto ukabaki mchanga, na wanyama wakakonda hadi ukimwona Nyumbu kwa mbali unamdhania mbuzi. Aliyeteseka kuliko wote, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa Fisi. Wenzake walikuwa na kiu tu, lakini yeye alikuwa na kiu pamoja na tumbo lile lake, na tumbo la Fisi mnalijua. Alishatafuna mifupa ya mwaka juzi, akamalizia na ngozi aliyokuwa akiilalia.

Nyumba hakuwa nayo. Alijipachika kwenye shimo la zamani la Muhanga, yule mnyama mwenye masikio ya punda na pua ndefu, ambaye kazi yake ni kuchimba. Muhanga alichimba jingine hapo jirani, wala hakusema neno. Kila asubuhi alishuka mtoni kuchimba visima vidogo vya kuwanywesha wenzake, na kila alipochimba aliimba, maana kule kwao ardhi haichimbwi kimyakimya. Anayechimba bila wimbo wake mwenyewe, ardhi humfukia. Ndivyo walivyoamini, na hakuna aliyethubutu kujaribu. Wimbo wa Muhanga ulikuwa huu:

Chimba, mkono, chimba,
maji yapo chini.
Kucha zangu zimekwisha,
mgongo umepinda.
Nyweni, ndugu zangu, nyweni,
mimi nitakunywa mwisho.

Hayo ya mwisho hayakuwa majivuno. Wenzake wakinywa, mchimbaji hubaki ameegemea ukingo ili usiporomoke, kwa hiyo zamu yake huja baada ya wote. Alikuwa akieleza kazi, basi.

Tatizo ni kwamba Muhanga alikuwa na sauti mbaya. Tusifichane, ilipitia puani yote. Fisi ndiye aliyejaliwa sauti. Akiita huku, wanaitika ng'ambo ya bonde.

Siku Chui alipomwoza binti yake, Fisi alikwenda bila kualikwa, akakaa karibu na nyama. Akakohoa, akajikuna, akasifu harufu. Hola. Hakuna aliyemtupia hata ukucha. Kwa uchungu wa njaa akafumba macho akaimba, na kwa kuwa kichwani hakuwa na wimbo mwingine, akaimba ule aliousikia kila asubuhi kutoka kwa jirani.

Alipofika pale pa "mimi nitakunywa mwisho," shangazi yake Chui akaangua kilio.

"Masikini ya Mungu! Kumbe Fisi ana moyo namna hii!" Akamletea paja zima.

Paja zima! Fisi akalitazama lile paja, akawatazama waliokuwa wakijifuta machozi, akaelewa jambo ambalo hakuwahi kulielewa maishani: kwamba ukiimba jinsi unavyojinyima, watu hukulisha.

Tangu siku ile hakukuwa na shughuli bila Fisi. Arusi, matanga, watoto kuota meno, aliitwa yeye. Akaongeza madoido, akatikisa mabega, na kwenye "mgongo umepinda" alijipinda kweli, wakapiga vigelegele. Watoto wakauita wimbo wa Fisi. Kisha wazazi nao wakauita hivyo hivyo, na hapo mambo yakawa yamekwisha. Yeye mwenyewe alianza kuamini. Ilifika mahali akimsikia Muhanga akiimba kule mtoni, anakereka. Huyu naye, anaiharibu kazi ya mtu!

Asubuhi moja alikuwa amejilaza shimoni na shibe yake, akamsikia Mama Kanga anapita mtoni. Mama Kanga hakujaliwa kufunga mdomo.

"Hee! Njooni mwone! Muhanga anamwigiza Fisi!"

"Simwigizi mtu, mama," akajibu Muhanga. "Wimbo huu ni wangu."

"Wako wewe? Mbona basi unaukosea? Fisi haimbi hivyo!"

Wapita njia wakacheka. Sauti ya kuchimba ikakoma. Punde Muhanga akasimama mlangoni kwa Fisi, mchanga ungali puani, macho yamemwiva.

"Jirani," akasema, "kuimba imba, sijakukataza. Lakini wakikuuliza, waambie ni wa nani. Ninaumia. Ule ndio ninaochimbia."

Moyo wa Fisi ukapiga pa! Hakuona aibu, msimwonee bure. Aliliona paja. Akisema wimbo si wake, paja litakwenda kwa Muhanga, ambaye halili hata nyama, anakula mchwa! Hasara iliyoje!

"Wimbo upi tena, jirani?" akasema. "Ule wangu?"

Muhanga akamtazama, akageuka, akaenda moja kwa moja kwa Simba kushitaki.

Simba aliketi juu ya jiwe lake, manyoya yamechanwa. Huyo alikuwa na sifa moja kubwa, hakuwahi kukosea. Wakati wowote alipokosea, wengine ndio walioomba radhi.

"Kesi nyepesi," akasema. "Nina sikio, nalo halidanganyiki. Imbeni, nisikie."

Muhanga akaimba. Alikuwa amezoea kuimbia shimoni, si mbele ya watu. Sauti ikatoka puani, ikakwama, ikatoka tena. Wanyama wakauma midomo wasicheke. Fisi naye akasimama, akafumba macho, akaachia. Loo! Hata mkewe Simba akageukia pembeni kujipangusa.

Hapo Sungura akainua mkono. Fisi akajikunyata, maana Sungura akiinua mkono kuna mtu atalia. Tena alikuwa amekaa upande wa Muhanga.

"Mimi nina swali dogo tu kwa msanii wetu," akasema Sungura kwa adabu. "Sauti ni yako, tumesikia. Na maneno? Ya kuchimba, ya kucha kwisha, ya kunywa mwisho?"

"Yangu yote!" Fisi akaropoka, furaha imempanda. "Neno kwa neno. Yametoka humu." Akajipiga tumboni.

"Utaapa?"

"Naapa kwa tumbo langu!"

"Sina la zaidi," akasema Sungura, akaketi.

Simba akanguruma hukumu: wimbo ni wa Fisi, na Muhanga asiuimbe tena, si mtoni, si popote. Muhanga akalia pale pale mbele ya watu. Sungura akamshika bega, akamnong'oneza, "Nenda zako nyumbani, kaka. Umechimba sana. Pumzika."

Muhanga akapumzika. Akafa na njaa? Wala, mchwa walikuwa tele. Lakini visima vyake vya mtoni vilijaa mchanga kimoja kimoja, na hakuna aliyejiuliza kwa nini, hadi asubuhi moja Simba alipoinama kwenye kisima chake mwenyewe akainuka na tope masharubuni.

Muhanga akaitwa mbiombio.

"Chimba!" akaamuru Simba.

"Mikono ninayo, Mfalme, wimbo ndio sina," akasema Muhanga. "Ulinikataza, nami nakutii. Nikichimba kimya nitafukiwa."

"Sasa nani atachimba?"

Sungura akasafisha koo. "Mwenye wimbo yupo, Mfalme. Tena kanenepa."

Walipomfuata Fisi kumwambia anahitajika mtoni mbele ya umma wote, alijua ni karamu. Hakula asubuhi ile ili abakize nafasi. Akajilamba manyoya, akaenda anatikisa mabega. Kweli umma ulikuwepo, kuanzia Tembo hadi Panya, midomo imewapasuka. Lakini Fisi alinusa huku, akanusa kule, nyama hakuna. Palikuwa na mchanga tu.

"Haya, mchimbaji wetu," akasema Simba. "Tuokoe."

Mkono wa Fisi haukuwahi kuchimba hata tundu la kuficha mfupa. Akaona hapa hakuna ujanja, aseme kweli tu. Aibu itapita, na yeye atarudi zake kulala.

"Jamani," akasema, "wimbo ule si wangu. Ni wa Muhanga. Mimi niliusikia kwake."

Shangazi yake Chui akaanza kulia.

"Mnamsikia? Hata sifa hataki! Anampa yule masikini asiyejua kuimba!"

"Ana moyo!" akadakia Mama Kanga. "Siku zote nasema, Fisi ana moyo!"

"Sina moyo!" akapiga kelele Fisi. "Nawaambieni niliiba! Mwulizeni mwenyewe!"

Wote wakamgeukia Muhanga. Muhanga akakuna sikio taratibu. "Mimi?" akasema. "Mimi nilisema ni wangu, mkacheka. Mahakama ikaamua. Siwezi kuipinga mahakama."

Fisi akamgeukia Simba. "Mfalme, nakuapia, niliapa uongo."

Simba akasogea hatua moja, polepole. "Yaani unataka kusema," akauliza, "kwamba mimi nilihukumu vibaya?"

Fisi akayatazama yale meno. Yalikuwa safi kabisa.

"La," akasema. "Hapana. Hasha. Mfalme hakosei."

"Basi chimba."

Muhanga akajikokota, akaweka pua mchangani, akanusa. "Mimi si mchimbaji," akasema, "lakini ningekuwa mchimbaji, ningeanzia hapa."

Fisi akaanza. Mchanga ulikuwa wa moto, na kila alichokitoa nusu kilirudi. Akiinua kichwa apumue, umma wote unapiga yowe, "Imba! Ukinyamaza utafukiwa, na sisi tutakunywa nini?" Akaimba. Madoido yakamtoka yenyewe, mabega yakawa hayana nguvu za kutikisika. Alikuwa akiimba haraka ili wacheze, sasa akaona wimbo huo hauendi haraka. Una pumzi zake, na pumzi zake ni za mkono unaoshuka na mkono unaopanda. Jua lilipozama shimo lilikuwa limemfika kiunoni, kucha zimekatika, analia machozi ya kweli. "Sikilizeni leo anavyoimba!" walisema kule juu. "Leo ndiyo kaimba!"

Siku ya pili, jua likiwa kichwani, mchanga ukawa baridi, kisha ukalowa, kisha maji yakachuruzika kati ya vidole vyake. Fisi hakusikia vigelegele. Alitumbukiza mdomo.

"Ah, ah, ah!" Sungura akamwita kutoka juu. "Msanii! Na maneno yako?"

Umma ukaitikia kwa sauti moja iliyotikisa bonde: "Nyweni, ndugu zangu, nyweni!"

Ikabidi Fisi aegemeze mgongo kwenye ukingo usiporomoke, wakashuka. Akanywa Simba, ambaye hakushukuru. Akanywa Chui na ukoo wake. Nyumbu, Pundamilia, Swala, watoto wao. Mama Kanga alikunywa huku akisimulia. Tembo alikunywa kama Tembo. Mgongo wa Fisi ulizidi kushuka upande wa nyuma, na hadi leo mkimtazama haujanyooka. Muhanga alikunywa kwa nafasi yake katikati ya watu, wala hakumtazama. Zamu ya Fisi ilipofika, palikuwa na tope na unyoya mmoja wa Kanga. Akalamba tope.

Wimbo haukumrudia Muhanga, msije mkadhani. Hata sasa ukiuliza utaambiwa ni wa Fisi, na watakushangaa kwa kutojua. Kila kiangazi kisima kikikauka, wanakwenda kumtoa shimoni kwa ngoma na vigelegele, huku yeye anaapa njia nzima kwamba aliiba, nao wanazidi kumpenda. Mwenzio akiwa na sifa unayoitamani, angalia kwanza na mzigo ulio chini yake, maana watu wakikupa wanakupa vyote. Fisi hachagui tena.

Na Muhanga? Naye huja, akakaa kivulini na wengine. Fisi akianza, Muhanga huitikia kwa ile sauti yake ya puani, mbaya vilevile, mpaka walio karibu humwomba apunguze. Lakini hakosei pumzi hata moja.