Vibuyu Viwili vya Tope

Jambo moja limenishinda hadi leo: kwa nini wanyama, wenye macho na pua, walimpa Fisi kazi ya kulinda ziwa. Nimewauliza wengi. Kila mmoja husema siku ya kikao hakuwepo.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi, na ziwa hilo peke yake ndilo lililobaki na maji. Fisi akalifunika karibu lote kwa magugu-maji. "Ni mwamvuli," alisema, "jua lisiyanywe." Haukupita muda maji yakawa ya kijani, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Fisi akawaokota kila asubuhi, eti kwa ajili ya usafi, na usafi huo ukamnenepesha. Kwa njaa simlaumu, sote tunayo. Ila alihitaji mtu wa kumsingizia.

"Mkosaji ni Mama Nyati," akamwambia Simba. "Kinyesi cha wanawe ndicho mbolea ya uozo huu."

Simba, ambaye hakupenda kufikiri mbele za watu, akanguruma: "Nyati na ndama wake waondoke!"

Maji mengine yalikuwa mwendo wa siku sita. Mama Nyati akawatazama ndama wake wawili. "Mfalme, hawa hawatafika."

"Tupe kwanza siku ishirini," akadakia Sungura. Akatia tope la ziwani na maji safi ya kijichemchemi kisichotosha kunywesha hata ndama mmoja katika vibuyu viwili. Kimoja akakiziba kwa nta; kingine akakiacha wazi, akawa anayakoroga maji yake juujuu kila asubuhi yapate hewa.

"Mjomba Fisi, kipi kitabaki safi?"

"Kilichofunikwa, mjinga wee! Nitakilinda mwenyewe."

Akakilalia kweli, usiku na mchana. Ilikuwa bidii yake ya kwanza maishani.

Siku ya kumi na tano Sungura akamimina maji ya kila kibuyu katika shimo la peke yake mwambani, juani, akatia kote tone moja la maji ya kijani ya ziwa. Siku ya ishirini, shimo la kibuyu wazi lilionyesha chini bila shida. La Fisi lilikuwa kijani kama mchicha.

"Nyati yupi alipita ndani ya kibuyu chako, mjomba?" Sungura akauliza. "Au alipenya kwenye nta?"

Fisi akacheka kicheko chake. Hakuna aliyecheka naye.

"Tope lina mbolea ya miaka mingi," Sungura akamwambia Simba. "Likipata hewa, huishika kwa ngumi. Likikosa, vidole huachia, mbolea hupanda majini, ukijani hushamiri. Nao ukioza, hula hewa iliyobaki. Mwamvuli wa Fisi ndio uliolinyonga ziwa."

Ikaamuliwa Nyati wabaki, na magugu yote yang'olewe hadi jani la mwisho. Aliyeyang'oa ni Fisi, kwa meno yake mwenyewe, na msimamizi wake akawa Mama Nyati.

Kikulacho ki nguoni mwako.