Mama wa Gazetini

Concilie alilisoma gazeti akiwa amesimama, barakoa ikining'inia kwenye sikio moja, katika chumba cha mapumziko cha nyumba ya wazee alikofanya kazi, Blacktown, pembezoni mwa Sydney. Ukurasa mzima ulikuwa wa mdogo wake Chibalonza, soprano, mwimbaji wa sauti ya juu, ambaye wapenzi wa opera walimjua kutoka Sydney hadi Ulaya. Pichani amemkumbatia Bénie, bintiye wa miaka kumi na miwili, na chini yake pameandikwa maneno yake: "Nimemlea mwanangu peke yangu, katikati ya majukwaa."

"Peke yake!" Concilie alifoka, hata mwenzake Jerusha akaweka kikombe chini.

"Nani huyo, dada?"

"Huyu! Hajui hata mwanawe huvaa kiatu namba ngapi!"

Damu ilimchemka kama maji ya ugali. Bénie alikuwa na miezi minane, baba yake amekwisha kwenda zake, Chibalonza alipopata mkataba wa kuimba Ujerumani. "Yaya, nishikie mtoto miezi sita tu," aliomba, akimwita kama kwao wanavyomwita dada mkubwa. Miezi sita ikazaa miaka kumi na mmoja. Sauti ya Chibalonza ilipaa, kumbi zikasimama kumpigia makofi. Concilie naye akabaki na mtoto, na homa zake, na viti vifupi vya mikutano ya wazazi shuleni. Mama mtu alikuja kama mvua ya kiangazi: siku nne, zawadi, picha, kisha uwanja wa ndege.

Korona ilipofunga kumbi za dunia, Chibalonza alirudi Sydney na kupanga fleti katikati ya jiji. Ilipotimia miezi mingi bila jukwaa, akakumbuka kwamba ana mtoto. Mwishoni mwa Juni 2021 alimchukua Bénie kwa likizo ya shule. Wiki hiyohiyo jiji likafungwa, likizo ikageuka miezi. Sasa ilikuwa Agosti, na Concilie hakuwa amemtia machoni binti yule tangu siku hiyo.

Alimpigia simu mdogo wake papo hapo.

"Kwa nini umenifuta?"

"Yaya, gazeti linataka habari fupi," Chibalonza alijibu. "Ulinisaidia, asante. Lakini aliyezaa ni mimi. Hata jiji likifunguliwa, Bénie atakaa hapa. Usione wivu."

Wivu! Neno lile lilimchoma Concilie kuliko gazeti lenyewe. Alikata simu.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, simu yake ikalia. Alikuwa Bénie, ambaye siku zote alijibu Kiswahili kwa Kiingereza. Siku hiyo Kiswahili kilimtoka chenyewe: "Maman Concilie, tumbo linaniua. Tuko hospitali ya watoto. Kuja!"

Concilie aliendesha gari bila kuvua sare ya kazi. Mlangoni mlinzi akamzuia: kila mtoto aliruhusiwa mlezi mmoja tu. Hatua chache ndani, kwenye dawati la mapokezi, alimwona Chibalonza akijaza fomu mbele ya muuguzi.

"Ni kidole tumbo, tunampasua sasa hivi," muuguzi alisema. "Hana mzio wa dawa yoyote?"

"Hana," Chibalonza alijibu haraka.

"Anao!" Concilie alipiga kelele mlangoni. "Penisilini! Alipokuwa na miaka minne alivimba koo, nusura tumzike!"

Kalamu ya muuguzi ikasimama. "Wewe ni nani?"

"Ni dada yangu tu," Chibalonza alidakia. "Mama ni mimi."

"Amewahi kupewa dawa ya usingizi? Ana pumu?"

Chibalonza akageuka kumtazama dada yake. Concilie alijibu yote kutoka kule mlangoni: mara moja, mkono ulipovunjika, pumu hana. Muuguzi aliandika, kisha akamtazama Chibalonza. "Mtoto anamlilia Maman Concilie. Anaingia mmoja."

"Tumbo hili ndilo lililombeba!" Chibalonza alifoka.

"Ulimbeba miezi tisa," Concilie akajibu, macho yamemwiva. "Mimi nimembeba miaka kumi na mmoja. Hasira yangu nitakumalizia baadaye. Nipishe!"

Chibalonza alibandua kibandiko cha mgeni kifuani pake, akampa dada yake, akatoka nje.

Bénie alipasuliwa salama. Alipopata nafuu, alirudi Blacktown kwa Concilie, kwa hiari yake mwenyewe. Chibalonza alipiga simu akilia.

"Yaya, umenisamehe?"

"Bado," Concilie alisema bila kulainisha. "Jiji likifunguliwa, njoo kila Jumamosi. Si kwa picha. Uje umpikie, umsikilize, umjue."

Asiyeijua methali hii na amuulize Chibalonza: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana.