Plasta Juu ya Taa ya Njano

Haya, sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kuhukumu aimeze hukumu yake mpaka nimalize.

Katika hospitali moja ya wilaya, ambayo jina lake nalificha kwa sababu mganga mkuu wake hadi leo hapendi kutaniwa, walifanya kazi wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwantumu wa mapokezi alikuwa hawezi kukisikia kitu kinalalamika akakipita. Bawaba ya mlango ikilia, ataitafutia mafuta. Fundi Leokadia wa umeme alikuwa na mikono inayokataa kazi ya kulipua, ya bora liishe, hata akibembelezwa. Na Bi Havijawa, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikuwa na sauti. Akisema "simama", hata aliyekuja kuuliza njia tu atasimama.

Ukutani, nyuma ya kiti cha Mwantumu, palikuwa na paneli ya kengele za moto. Si kitu cha kutisha, ni sanduku la chuma lenye taa na vitufe. Taa nyekundu ikiwaka, kuna moto, na kibao kilicho kando yake kinakwambia ni eneo lipi. Taa ya njano ikiwaka, moto hakuna, ila paneli yenyewe inaumwa: waya umekatika mahali, au betri imechoka. Hapo italia tii, tii, tii mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuinyamazisha. Lakini kuinyamazisha si kuitibu. Taa ya njano itabaki inawaka mpaka hitilafu iondolewe.

Sasa, pale walikuwa na desturi yao. Taa ya njano ikiwaka, aliye zamu ananyamazisha kelele, kisha anabandika kipande cha plasta juu ya taa ili isimsumbue mtu macho. Plasta ilitoka kwa Bi Havijawa, na hakuna aliyeona vibaya, maana hospitali ikikosa vyote haikosi plasta.

Mwantumu alipohamishiwa mapokezi, jambo la kwanza aliibandua plasta aliyoikuta pale. Chini yake taa ilikuwa inawaka, eneo la tatu: wodi ya wazazi na stoo ya mashuka iliyo nyuma yake.

"We mgeni," Bi Havijawa alimtania akipita na sinia la dawa, "plasta hiyo niliikata mwenyewe. Acha kidonda kipone."

"Kidonda kiko kwako, Bi Havijawa. Stoo yako ikishika moto, mimi huku sitajua lolote."

"Stoo ina mashuka, mwanangu, haina petroli."

Wakacheka wote wawili, lakini plasta haikurudi. Mwantumu alimpigia simu mkuu wa matengenezo, akaambiwa asubiri. Akapiga tena. Akapiga mpaka yule bwana akawa anamtambua kabla hajasema haloo, na kwa kuchoshwa naye tu akamtuma Fundi Leokadia. Mwantumu hakuridhika na hilo. Kila Bi Havijawa alipopita alimwomba achungulie stoo, kwa kuwa upande ule paneli ilikuwa haioni. Bi Havijawa akawa anaitikia "haya, haya", na pengine alichungulia, pengine hakuchungulia.

Leokadia alikuja mchana, gauni la sherehe likiwa tayari ndani ya ovaroli, kwani dada yake alikuwa anaagwa siku ileile. Mkuu wake alikuwa amemwagiza njia ya mkato ambayo kila fundi anaijua. Mwisho wa waya wa kila eneo kuna kidude kidogo, hakizidi punje ya mchele, na paneli ikikiona hujua waya haujakatika. Ukifunga kingine kama hicho palepale ndani ya paneli, taa ya njano inazimika. Paneli inaamini waya ni mzima, na wewe unawahi pilau.

"Fanya hivyo uende zako," Mwantumu alijikuta anamwambia, maana alimwonea huruma kwa gauni lile. "Nitawaombea wasiungue."

"Dada, nikiidanganya hii leo, usingizi nitaupata wapi?"

Akapanda darini. Alishuka na utando wa buibui kichwani na gauni limechanika, lakini alikuwa amepakuta panya walipotafuna, juu ya mlango wa stoo, na waya ameuunga. Mwantumu akageuza ufunguo wa paneli, akabonyeza kitufe cha kuanza upya. Njano ikazimika. Ikabaki taa ya kijani peke yake, ile ya kusema yote ni salama.

Leokadia hajafunga mkoba wake, nyekundu ikawaka. Eneo la tatu.

"Umeunga vibaya?"

"Sijaunga vibaya," Leokadia alisema. "Hiyo ni kweli."

Kengele zikalia hospitali nzima, na kule wodini, mtaamini? Hakuna aliyeshtuka, kila mmoja akidhani ni ile hitilafu ya siku zote. Wageni waliendelea kunywesha wagonjwa uji. Mwantumu alinyakua simu: "Bi Havijawa! Ni kwako, stoo, nyekundu!" Bi Havijawa angeweza kumcheka kama alivyomcheka asubuhi zote. Hakucheka. Alitazama nyuma akaona moshi unapenya chini ya mlango. Mtu alikuwa ameisahau pasi juu ya mashuka. Mlango hakuufungua. Aliziba upenyo wa chini kwa shuka lililoloa, akasimama katikati ya wodi.

"Simameni! Nje wote! Mwenye mtoto abebe mtoto, uji mtaukuta!"

Wakatoka, wengine na vijiko mkononi. Alibaki Siwema, aliyezaa kwa kupasuliwa na bado hajaweza hata kukaa. Bi Havijawa alimfunga mtoto kifuani pake kwa kanga, akamnyanyua mama mikononi, akatoka nao akikohoa.

Walinzi waliingia na mitungi ya kuzimia moto wakaumaliza. Yaliungua mashuka, na pasi yenyewe. Mtu hakuungua hata ukucha. Uani palikuwa na vicheko na vilio mahali pamoja, na Mwantumu alipohesabiwa wazazi na watoto, wote wapo, alikaa chini kwenye zege.

Ndipo Siwema aliposema: "Binti yangu hana jina bado. Atachukua la aliyetuokoa."

Hapo ndipo amani ilipoharibika. "Ni Mwantumu," akasema mmoja, "asingebandua plasta tungekuwa weusi kama kaniki sasa hivi." "Mwantumu alimwambia fundi alipue kazi, tuliokuwa mapokezi tulimsikia!" akasema mwingine. "Aitwe Leokadia, aliyekataa." Bibi mzaa baba wa mtoto alijaribu kulitamka jina hilo mara tatu, akaomba maji. "Ni Havijawa," wa tatu akasema, "ndiye aliyembeba." "Na plasta aliikata nani?" Bi Havijawa mwenyewe akawa anaikunja na kuikunjua ile kanga.

Mwantumu naye aliinamia zege, kwa sababu yake mwenyewe. Miaka yote ya ndoa yake hakujaliwa mtoto, na hakuna mtoto popote aliyewahi kuitwa kwa jina lake. Alilitaka jambo lile. Alilitaka mpaka akaona haya kuinua macho.

Siwema akamwita. "Dada, wewe ndiye uliyeyaona yote tangu mwanzo, na wewe hujalitetea jina la mtu. Niamulie. Utakalosema ndilo litakalokuwa jina lake."

Mtoto ananyonya, watu wamesogea, na Mwantumu ndiyo kwanza anafungua kinywa. Mimi naishia hapo. Haya, semeni nyinyi mliokaa: kwa haki, mtoto yule anastahili jina la nani? Na wewe ungekuwa Mwantumu, ungethubutu kulitaja lako?