Maji ya Bi Subilaga

Joto la maji huulizwa anayeogeshwa. Mmemsikia mwenyekiti akiwatupia maneno hayo mafundi waliotaka kutuchongea njia bila kutuuliza tunapita wapi, na sasa mnataka kujua yametoka wapi. Kaeni, wala msinikatize. Methali hii ilianza hapahapa Rungwe, nyumbani kwa Bi Subilaga.

Bi Subilaga alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala na ulimi ukafunga. Akili ilibaki nzima, ila sisi hatukujua, maana hatukumuuliza. Mwanawe Gwakisa, aliyefanya kazi Mbeya mjini, alimwajiri Tumpe amtunze mama palepale nyumbani. Tumpe alikuwa amepika miaka kumi na minane katika shule ya bweni, akisonga ugali wa watoto mia tano. Alikuwa mpole na msafi. Shuka za mgonjwa zilikuwa nyeupe kuliko zangu, nasema kweli.

Tatizo lilikuwa kuoga. Kila asubuhi beseni likija, bibi alilia, akampiga Tumpe kwa mkono wa kushoto na kumwaga maji. Sisi majirani tulipokwenda kumjulia hali, tulisimama kando ya kitanda tukamuuliza Tumpe, "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Kula anakula, ila kuoga ni vita."

Tukatikisa vichwa, tukasema uzee umemharibu. Nami nilitikisa changu, na hadi leo naona aibu.

Habari zikamfikia Gwakisa. Akaamua kuja Jumamosi na gari amhamishie mama mjini, nyumba ifungwe. Bibi alisikia yote akiwa kitandani. Siku hiyo hakula.

Ijumaa asubuhi Angolile, shoga yake tangu usichana, alikuja kumuaga. Alimkuta Tumpe na beseni, akakunja mikono ya gauni ili amsaidie. Alipochovya vidole, alivitoa mbio.

"Mama wee! Tumpe, unaogesha mtu au unanyonyoa kuku?"

"Ni ya vuguvugu, shangazi. Nimeyapima kwa mkono wangu."

Angolile akaushika mkono huo, akaugeuza. Kiganja kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu. Masufuria ya shule yalikuwa yamekichoma mpaka kikasahau moto. Tumpe alipoelewa, alikaa chini sakafuni.

"Miezi mitatu! Miezi mitatu namuunguza mama wa watu, yeye analia, mimi namwambia atulie!"

"Utalia baadaye. Sasa muulize."

"Nimuulizeje, shangazi, na hasemi?"

"Mkono wake umesema tangu siku ya kwanza. Ulidhani anakupiga bure?"

Tumpe akauchukua mkono wa kushoto wa bibi, akauchovya majini. Bibi akauvuta. Tumpe akaongeza kata ya maji baridi, akauliza, "Na hivi, mama?" Ukavutwa tena, ila polepole. Kwa kata ya tatu mkono ukabaki, na vidole vikaanza kuchezacheza majini.

Siku hiyo Bi Subilaga alioga mwili mzima bila kumwaga tone. Tumpe aliendelea kuuliza: sabuni hii au ile? Nianze na mgongo? Mlango niufunge? Kila swali lilijibiwa kwa mkono. Kumbe miezi yote hiyo alitaka mlango ufungwe.

Kesho yake Gwakisa akaingia na haraka zake. "Dada Tumpe, mama anaendeleaje? Mizigo yake umeshafunga?"

Tumpe hakuwa mtu wa kujibizana na mwajiri. Lakini siku hiyo alisogea pembeni ili bibi aonekane.

"Kaka, mama huyo hapo. Joto la maji huulizwa anayeogeshwa."

Gwakisa hakuelewa, akaelezwa kisa chote. Alipomaliza kusikiliza, alipiga magoti kando ya kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mama augue.

"Mama, nikupeleke mjini, au ubaki kwako?"

Bibi akanyoosha mkono wa kushoto, akaushika ukingo wa kitanda chake na kuung'ang'ania. Gwakisa akajifuta macho, akatoka kumwambia dereva arudi na gari tupu.

Bi Subilaga aliishi miaka sita zaidi, nyumbani kwake, akioga kila asubuhi. Nasi majirani tulijifunza kuvuta kigoda karibu na kitanda na kumsalimu yeye kwanza, maana joto la maji huulizwa anayeogeshwa.